Redio ya Salamu Maria Tatu

Mume aliyeachwa na mkewe ana mambo mawili ya kuudhi: hanyamazi, na hali chakula kwake. Mzee Selestini alikuwa na yote mawili, tena alikuwa nayo juu ya benchi langu.

Mimi ni Assani, fundi redio, mtoto wa Ujiji, mjukuu wa watu waliovuka ziwa kutoka Kongo. Mwaka huo wa sitini na tisa nilikuwa na kibanda cha mabati Rusimbi, kando ya barabara. Benchi la mlangoni nililiweka kwa ajili ya wateja. Mzee Selestini hakuwa mteja. Aliegesha lori lake asubuhi, akaketi, akala muhogo wangu, akanisimulia jinsi Rozalia alivyoondoka. Kesho yake akarudi kunisimulia tena, kama vile usiku nilikuwa nimesahau.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Lori lake lilikuwa Chevrolet ya mwaka hamsini na moja, lenye pua pana na muungurumo wa mtu mwenye kikohozi. Mbelgiji mmoja alilivusha kwa meli kutoka Albertville mwaka wa sitini, kule Kongo kulipochafuka, akaliuza Kigoma kwa haraka ya mtu anayekimbia. Walipokwisha kukubaliana, Mbelgiji akatoa bisibisi ili aing'oe redio aondoke nayo. Hapo Rozalia akaingia ndani, akatoka na vitenge vyake vitatu vya harusi, vitenge ambavyo vilikuwa havijaguswa na maji hata siku moja, akamwekea mzungu mikononi. Mbelgiji akarudisha bisibisi mfukoni. Tangu siku hiyo mji mzima ulijua: lori la Selestini, redio ya Rozalia.

Ilikuwa redio ya taa. Siku hizi kila mtu anatembea na transista kwapani na anadhani redio zote huzaliwa zikipiga kelele. Redio ya taa ina chupa za kioo ndani, hii ilikuwa nazo tano, na chupa hizo hazisemi neno mpaka zipate moto. Ukiwasha, kwanza unasikia kidude kinavuma mle ndani kama nyuki. Halafu unasubiri. Ndipo sauti inapokuja, polepole, kama ya mtu anayetoka chumba cha uani.

Sasa Rozalia ni Mkatoliki asiyependa kukaa bure. Akishawasha redio, alisali Salamu Maria. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwenye "amina" ya tatu redio ilifungua mdomo. Haikuwahi kumwangusha. Wakaenda hivyo Kasulu na kurudi, dagaa wakienda, maharage wakirudi, miaka saba.

Halafu likaja Azimio la Arusha.

Sina ugomvi na Azimio. Nami nilipiga makofi. Lakini kuna watu ambao ukiwapigia ngoma kidogo wanavua mpaka shati. Siku ya mkutano wa hadhara kila mtu alitoa mchango wake wa kujenga taifa. Mmoja akatoa mbuzi, mwingine baiskeli, mwingine michikichi yake kumi. Mzee Selestini alikuwa amesimama juu ya lori, mahali ambapo kila mtu anamwona, na hana mbuzi. Lori lenyewe hakuweza kulitoa, akili kidogo ilikuwa imebaki. Akapaza sauti: "Nami natoa redio!" Akapigiwa makofi, akapigiwa vigelegele, akayanywa yote kama togwa. Jioni ile ile vijana wa tawi la chama wakaja na bisibisi. Safari hii hapakuwa na mtu wa kutoka ndani na vitenge, maana Rozalia alikuwa mwaloni Kibirizi akinunua dagaa.

Aliporudi akakuta tundu mahali pa redio. Akalitazama. Akauliza swali moja tu.

"Uliniuliza?"

Mzee akaanza kumweleza habari za unyonyaji. Kosa kubwa. Rozalia akafunga sufuria zote isipokuwa moja iliyotoboka, akaenda zake Bangwe kwa kaka yake. Mlangoni akasema hatapanda lori lile tena mpaka redio yake irudi mahali pake. Na wakati wa kuaga hakumwita Baba Lukas, kama alivyomwita tangu mtoto wao azaliwe. Alimwita Selestini.

Kila mzee alipofika hapo kwenye hadithi, machozi yalidondokea muhogo wangu.

"Aliniita Selestini, Assani. Kama karani wa mahakama!"

"Mzee, si ndilo jina lako?"

"Silo tena! Mimi ni Baba Lukas!"

Kwa miaka miwili alikuwa amejaribu kila njia. Alituma wazee wawili wa ukoo. Alimtuma padri. Alituma hata mbuzi. Mbuzi alipokelewa.

Basi nikaamua kumsaidia. Sitapamba maneno, nilitaka benchi langu. Lakini nilimhurumia pia. Siku moja nilimkuta ndani ya lori peke yake, anaongea na lile tundu, na alipokuwa akiongea alikuwa anaacha nafasi za kujibiwa.

Nikamwambia: "Redio yenyewe iko juu ya meza ya katibu wa tawi. Hiyo sasa ni mali ya umma, isahau. Mimi nitakutengenezea nyingine, na mkeo hatajua."

"Huyo? Atajua."

"Mzee, wewe unamjua mkeo. Mimi nazijua redio."

Nilikata bati la kopo la mafuta ya kupikia, nikalinyoosha, nikalipaka rangi, nikachora namba na mshale mwekundu. Nikachonga vifundo viwili kwa mti wa mpera. Nyuma ya bati nikafunga transista ya Kijapani, safi kabisa. Ilikuwa kazi nzuri mno. Nilijisifu mpaka nikaona haya, nikanyamaza, halafu nikaendelea.

Tukaenda Bangwe asubuhi. Rozalia alikuwa anaanika dagaa kwenye mchanga, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi, na alituona tangu mbali lakini hakuinuka mpaka dagaa wote wametandazwa. Mzee Selestini alikuwa amevaa shati la Krismasi, ingawa ulikuwa mwezi wa sita. Alimsalimu mkewe kwa Kiha, "Mwakeye," kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Akajibiwa kwa kichwa.

"Shikamoo, Mama," nikasema mimi.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, Mama."

Akafuta mikono, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, akaingiza kichwa. Alilitazama bati langu kwa muda mrefu. Akagusa namba kwa kidole. Akagusa mshale. Nikamkonyeza mzee. Rozalia akazungusha kifundo, na papo hapo mtu mmoja mle ndani akatangaza kwa sauti kubwa habari za mbolea.

"Yewe!" Rozalia akaruka nyuma. "Hata 'Salamu' sijasema!"

Akazima. Hakumtazama mumewe, alinitazama mimi, na mimi nikaona viatu vyangu vinahitaji kuangaliwa.

"Fundi, redio yangu hunisubiri. Salamu Maria tatu. Hii haina adabu, inamkatiza mtu kabla hajafungua mdomo." Akashusha mguu. "Na wewe, Selestini, katafute mwanamke wa transista."

Akarudi kwa dagaa wake. Tuliporudi Rusimbi nikaing'oa transista na bati lake, na kesho yake mzee hakuja kwenye benchi. Nilikula muhogo wangu wote peke yangu, na haukuniingia vizuri. Mchana nikafunga kibanda nikaenda ofisi ya tawi.

Katibu wetu alikuwa Nikodemu, mtu mwembamba mwenye shati la mifuko minne na kalamu katika kila mfuko. Redio ya Rozalia aliiweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma, chini ya bendera, na haikuwahi kusema hata siku moja. Ingesemaje? Chakula chake ni betri ya lori. Vijana wa tawi waliwahi kuifungia betri za tochi kumi na mbili, wakapata moshi. Tangu hapo wageni walipouliza, Nikodemu aliwajibu kwamba inapumzika.

"Ndugu Katibu," nikasema, "naweza kuifanya hii iseme."

Macho yakamtoka. "Bila betri ya lori?"

"Kwa betri nne za tochi."

"Lakini hapa hapa ofisini. Mali ya umma haivuki kizingiti."

"Hapa hapa, Ndugu Katibu."

Nilifanya kazi mchana wa siku tatu, naye akanilinda kwa mikono iliyokunjwa kifuani. Alikuwa mlinzi hodari hadi saa nane na nusu. Baada ya hapo ugali ulimzidi nguvu, kidevu kikashuka kwenye zile kalamu. Siku ya tatu, kidevu kiliposhuka, nikatoa matumbo yote ya ile redio kwa mkupuo mmoja, chupa, nyaya na kidude cha nyuki, nikayaweka ndani ya kikapu, nikayafunika kwa samaki wawili, migebuka ya ziwani. Mahali pake nikafunga ile transista isiyo na adabu. Nikakohoa.

Nikodemu akaamka, akazungusha kifundo kwa vidole viwili. Magitaa yakalipuka. Sasa mshale ulionyesha Dar es Salaam, lakini mshale haukuwa umefungwa na kitu chochote. Kituo nilikichagua kwa nyuma kwa ncha ya bisibisi, na kwetu kituo chenye nguvu kinatoka ng'ambo ya ziwa, na ng'ambo ya ziwa hawalali. Katibu akakunja uso. Akatazama mshale. Akanitazama mimi. Chini ya meza mguu wake ulikuwa umeshaanza.

"Hao nao ni Waafrika wenzetu," akasema mwishowe.

Najua kuna watakaosema niliiba. Waniambie niliiba nini. Mzee alitoa redio bubu, tawi likapata redio inayoimba, na uso wa redio ni ule ule wa siku zote. Mimi nilichukua chupa tano ambazo mle ofisini hakuna aliyejua zipo.

Shida ni kwamba kati ya zile tano moja ilikuwa imepasuka. Labda ni ule moshi wa betri kumi na mbili. Nilizunguka kwa kila mwenye redio kuukuu, Mwanga hadi Ujiji, sikupata ya kufanana nayo. Ilibaki redio moja tu, na hiyo ilikuwa kwangu, juu ya kabati, redio ya marehemu baba, ambayo nilikuwa sijamruhusu mtu hata kuifuta vumbi. Niliitazama siku mbili. Siku ya tatu nikaifungua, nikatoa chupa moja, nikaomba radhi kwa sauti. Ikakubali kukaa. Nikaunga kila kitu nyuma ya bati langu la kopo la mafuta, nikamwita mzee alete lori.

Kabla ya kwenda Bangwe nilitaka kuijaribu, lakini mimi ni Mwislamu, Salamu Maria sijui ina urefu gani. Nikamwita jirani yangu Skolastika, anayekaanga maandazi.

"Njoo hapa dirishani pa lori usali Salamu Maria tatu."

"Za nani?" akauliza Skolastika. "Za padri, au za mama mwenye mafuta motoni?"

"Za mwanamke anayesubiri redio."

"Hizo ndizo za mafuta motoni." Akashika kiuno, akaanza, nami nikawasha.

Nyuki akavuma. Ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu, amina. Kimya. Skolastika akanitazama, nikamwashiria aendelee. Ya nne ikaisha. Maandazi yakaanza kunuka. Katikati ya ya tano redio ikakohoa, ikasema. Tukajaribu tena ilipopoa, ikawa vile vile. Chupa ya baba yangu ilikuwa na uvivu wa kuamka, kama mwenyewe alivyokuwa, na hapakuwa na la kufanya.

"Mwambie asali polepole," akashauri Skolastika, "kwa ibada." Akakimbilia maandazi yake.

Mzee Selestini alikuwa amesikia yote. Uso ulimshuka.

"Atashuka, Assani. Kwenye ya tatu atashuka, na akishuka leo hatapanda tena. Namjua. Nitakufa na ile sufuria iliyotoboka."

Hapo hasira zikanipanda. Nilikuwa nimefungua redio ya baba yangu, nimemdanganya katibu wa tawi, nimeunguza maandazi ya watu.

"Mzee, miaka miwili hii unanihadithia. Mkeo alikuuliza swali moja. Ulimjibu?"

"Swali lipi?"

"'Uliniuliza?' Ndilo hilo. Ulimjibu nini?"

Akalifuta bati langu kwa kiganja. 

"Nilimweleza unyonyaji," akasema kwa sauti ndogo.

"Haya. Washa gari twende."

Bangwe tulimkuta pale pale kwenye mchanga na dagaa wake. Mzee hakuvaa shati la Krismasi safari hii. Alivaa la kazi, lenye mafuta kwenye mfuko. Nikashuka nimwachie mama kiti, nikasimama pembeni na kikapu changu cha vyombo. Rozalia akaja, akaliona lile bati, akalitambua.

"Si ile ile ya juzi?"

"Bati ndilo lile, Mama," nikasema. "Ya ndani ni yako. Imetoka juu ya meza ya katibu."

 Akapanda, akakaa pembeni kabisa mwa kiti, mguu mmoja ameuacha nje kwenye ngazi, mlango wazi. Mguu ule niliuona mkubwa kuliko lori. Wanawake waliokuwa wanaanika jirani wakasogea, na kaka yake akatoka ndani na mswaki mdomoni.

Mzee Selestini akanyoosha mkono kwenye kifundo. Mkono ukafika nusu ya njia, ukasimama.

"Rozalia," akasema, "niwashe?"

Rozalia akageuka. "Umesema nini?"

"Nakuuliza. Redio ni yako. Niwashe?"

 Mzee akabaki na mkono hewani, hakuurudisha.

"Siku ile sikukuuliza," akasema. "Nilipigiwa makofi nikakusahau. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna unyonyaji wala nini."

"Na nikisema usiwashe?"

"Itakaa kimya. Na mimi nitakaa kimya."

"Wewe? Ukae kimya?" Wanawake wakacheka, lakini Rozalia hakucheka. Alimtazama mumewe kama anayehesabu dagaa. "Washa," akasema.

Nyuki akavuma. Rozalia aliposikia ule uvumi alifumba macho. Akaanza kusali. Ya kwanza. Ya pili. Kule nje nami nilikuwa naomba kwa dini yangu. Ya tatu. Amina.

Kimya.

Rozalia akafumbua jicho moja. Mzee Selestini alikuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, na hakusema neno. Rozalia akalifumba lile jicho, akasali ya nne, taratibu zaidi. Amina. Kimya tena. Mmoja wa wale wanawake akaguna.

Rozalia akaweka kiganja juu ya bati langu, akakiacha hapo.

"Ina moto," akasema.

Sikuweza kuvumilia. "Mama, kosa ni langu! Chupa moja ilipasuka, nikatia nyingine, ya redio ya marehemu baba yangu. Hiyo ndiyo inayochelewesha."

"Baba yako alikuwa Mkatoliki?"

"Hapana, Mama. Mwislamu."

"Basi Salamu Maria haijui," akasema Rozalia. "Iache ijifunze."

Akaingiza mguu ndani, akavuta mlango. Mlango wa Chevrolet ile haufungi mara moja, lazima uubamize, naye akaubamiza kama mtu aliyekuwa akiufunga kila siku. Halafu akamgeukia mumewe.

"Endesha, Baba Lukas. Dagaa wangu watafuata."

Kisha akaanza ya tano. Katikati yake redio ikakohoa, ikasema, na sikumbuki ilisema nini, kwa sababu hakuna aliyeisikiliza. Sote tulikuwa tunamtazama mzee. Alikuwa ameliendesha lori lile miaka tisa, na gia ya kwanza alikuwa haioni kwa machozi.